Mizani Pekee Haimlishi Mtoto

Katika vijiji vya uwanda wa kati, kuanzia Bahi hadi Kongwa, mtoto asiyeongezeka uzito huhesabiwa mara moja kuwa mtoto mwenye njaa. Mama huambiwa azidishe uji wa uwele, atie karanga, arudi kliniki mwezi ujao. Kwa wengi ushauri huo ni mwema. Lakini wapo watoto ambao chakula kipo, na hakipiti kooni. Mwenye mtindio wa ubongo huweza kushindwa kunyonya na kutafuna. Aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka hutokwa na maziwa puani. Akilishwa kwa haraka hali amelazwa chali, uji huweza kumwingia mapafuni, na akifa huandikwa kuwa amekufa kwa nimonia.

Mpango wa lishe ulioanza mkoani Iringa mwaka 1983, katika vijiji 168, uliwafundisha wananchi hatua tatu: kupima, kuchambua sababu, kisha kutenda. Hatua ya pili ndiyo tunayoiruka. Mizani hueleza kwamba mtoto amepungua. Haielezi kwa nini. Ili kujua, lazima mtu aketi amtazame mtoto akila.

Kosa si la wauguzi, maana hawakufundishwa. Watoa tiba kwa vitendo, ambao KCMC ya Moshi imewaandaa kwa miaka mingi, ni wachache; wa tiba ya usemi ni haba zaidi. Hata hivyo, misingi ya kazi yenyewe haidai mitambo: mtoto aketishwe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kiwe kidogo, na mlishaji angoje tonge limezwe. Bali haifunzwi kwa mihadhara mitupu. Mwanafunzi hana budi kuifanya mbele ya mama na mtoto, chini ya macho ya mkufunzi.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, haina budi kuanza na wengi. Hoja hiyo inasahau kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilijengwa juu ya usawa wa binadamu, si wa walio wengi tu.

Njia ipo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Somo la kumlisha mtoto mwenye shida ya kumeza liingizwe humo kwa ukamilifu. Dodoma, yenye Chuo Kikuu tangu 2007 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iwe shamba la mafunzo hayo kwa uwanda mzima. Makao makuu ya nchi yasiwe mbali na mtoto wa Chamwino.