Picha za Kivu zishuke chini kwa wenye Kivu

Kilometa karibu 400 juu ya ardhi, Kituo cha Anga cha Kimataifa kinaizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku. Watu wanaishi ndani yake bila kukatiza tangu mwezi wa kumi na moja 2000. Tangu 2010 wako na chumba kidogo chenye madirisha saba, na hapo wanaanga wanasimama na kamera mkononi, wakipiga picha milima, mito, maziwa na miji. Ziwa Kivu wamelipiga picha. Nyiragongo na Nyamulagira vilevile, pamoja na moshi wake na alama nyeusi za lava.

Picha hizo si siri, wala haziuzwi. NASA imeziweka kwenye intaneti, na mwenye simu na mega anaweza kuziangalia bure. Lakini ni wakaaji wangapi wa Kibati, Buhene au Sake waliokwisha kuona kilima chao kutoka juu? Picha za namna hiyo zinaonyeshwa ukutani katika vyumba vya mikutano, zinaelezwa kwa Kifaransa, chai inanywewa, kisha mashine inazimwa. Wenye udongo wanabaki nje ya mlango. Hiyo si haki, na inapashwa kukoma.

Jambo hili si la kujifurahisha macho. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena na kumeza nyumba za watu kaskazini mwa mji. Mwaka uliofuata, familia zilizokimbia vita Rutshuru zilifika Kanyaruchinya, zikasimamisha vibanda juu ya mawe ya volkano. Nani aliwaonyesha njia ya moto kabla ya kufunga kamba ya kwanza?

Anayesimama juu ya jiwe anaona jiwe. Picha ya kutoka juu inaonyesha ulimi mzima wa lava: ulikotokea, ulikopinda, ulipoishia, na kilima gani uliacha salama. Mama aliyekimbia na watoto watano labda hana nafasi ya kuchagua pa kulala. Lakini akiiona picha hiyo, atajua usiku wa hatari akimbilie upande gani.

Kuna wakubwa wanaosema mkimbizi anataka unga, si picha. Kweli, anataka unga. Lakini nani alisema achague kimoja? Kuchapa picha moja kubwa hakupunguzi hata kikombe kimoja cha maharagi kwenye mgawo. Wengine wanasema mwanakijiji hajui kusoma ramani. Mtu aliyelima Masisi miaka thelathini anajua kila mto na kila bonde la kwao. Mpe picha, atakuonyesha shamba lake kabla mtaalamu hajavaa miwani.

Wengine tena wanaogopa usalama: eti picha zitaingia mikononi mwa wenye silaha. Picha hizo dunia nzima inaziona tayari. Wenye silaha wako na drone zao. Asiyeona kitu ni raia peke yake, na kumnyima hakumlindi hata kidogo.

Haifai pia kuzipa picha hizo sifa zisizo zao. Kituo kinakwenda kwa mwendo wa kilometa karibu 28.000 kwa saa. Ziwa Kivu lote, lenye urefu wa kilometa karibu 90, linapita chini ya dirisha kwa muda usiofika sekunde 15. Siku nyingine mawingu yanafunika kila kitu, na mizunguko mingi haipiti juu ya Kivu. Mwanaanga hawezi kutangaza kwamba mlima utalipuka kesho. Kazi hiyo ni ya vyombo vya kupima matetemeko na watu wanaovilinda, na lazima walipwe.

Halafu picha bila wenyeji ni bubu. Mpaka wa Hifadhi ya Virunga unaonekana kutoka angani: huku msitu, huku mashamba. Mahali miti imekwisha, panaonekana uchi. Picha haisemi nani alikata mti, nani aliuza makala, wala nani alimfukuza kwao yule aliyekata ili apike. Ndani ya vyumba vya mikutano kidole kinamwendea mkimbizi haraka, kwa sababu yeye hayupo kujibu. Wanaanga wengi wamesema kwamba kutoka juu mipaka ya nchi haionekani. Waliokimbilia Gisenyi usiku ule wa 2021 wanajua mpaka uko wapi, na walingoja hapo muda gani.

Kwa hiyo linaloombwa ni jambo dogo, na halina sababu ya kungoja mwaka ujao. Viongozi wa jimbo na mashirika ya misaada wachape picha hizi kwa ukubwa wa kuonekana na watu kumi kwa pamoja. Zibandikwe kwenye shule, makanisa, misikiti, vituo vya afya na masoko, na majina ya vijiji yaandikwe kama wenyeji wanavyoyataja. Redio za mtaa ziwaite wazee wazieleze kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinande na Mashi, kwa faida ya wasioona na walio mbali. Na kabla ya kupeleka familia hata moja mahali papya pa kukaa, wenye kupeleka wawaonyeshe kwanza picha ya mahali pale, na wasikilize watakachosema.