Ada Leo, Jibu Baada ya Miaka Minne

Anayetaka kusomea shahada ya chuo cha ng'ambo huku amekaa nyumbani kwake Tanzania hakosi pa kupeleka fedha. Anachokosa ni mtu wa kumjibu. Tovuti ya chuo humwonyesha ada, tarehe ya kuanza muhula na mahali pa kubonyeza ili aombe nafasi. Wakala humhakikishia kwamba cheti kinatambulika duniani kote. Lakini je, cheti hicho kitakubaliwa na mwajiri wa hapa? Kitakubaliwa na bodi ya taaluma yake, au na chuo cha hapa akitaka kuendelea na shahada ya uzamili? Swali hilo wengi hulipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, wakiwa wameshamaliza masomo. Wakati huo miaka minne imekwisha na ada imelipwa yote.

Utaratibu huu umekaa kichwa chini miguu juu, na unawaumiza watu ambao elimu ya masafa iliwekwa kwa ajili yao: walimu wa vijijini, wauguzi, akina mama wenye watoto wadogo, watumishi wasioweza kuomba likizo ya masomo. Jibu la utambuzi litangulie ada. Na chuo kinachodahili mtu aliye mbali kimwonyeshe, kabla hajalipa, nani atakayesahihisha kazi zake, mitihani ataifanyia wapi na vitabu atavipata vipi.

Nianze na sifa za kuingilia, maana hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa bila kujua. Kwa Tanzania, njia ya kawaida ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, au stashahada yenye GPA ya 3.0. Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4, sekondari iliishia kidato cha nne, na mlango wa chuo kikuu ukawa C+ ya mtihani wa KCSE. Sasa chukua chuo cha Marekani. Kinachohitajika ni cheti cha kuhitimu sekondari. Kijana wa Tabora anatuma cheti chake cha kidato cha nne, ambacho kwa jina lake lenyewe ni cheti cha elimu ya sekondari. Ofisa udahili aliye upande wa pili wa bahari anakisoma, anaona masomo saba na alama nzuri, anamkubalia. Hakuna aliyedanganya. Kijana alituma alichonacho, na chuo kilifuata kanuni zake.

Shida inaibuka baadaye. TCU inapopima cheti cha nje haiishii kuuliza kama chuo kimeidhinishwa katika nchi yake. Inatazama pia mwenye cheti aliingia na sifa gani. Kijana wetu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia, anaulizwa kuhusu kidato cha sita ambacho hakukisoma na stashahada asiyokuwa nayo. Shahada yake ni ya kweli. Mitihani aliifanya mwenyewe, usiku kwa usiku. Lakini kipande kinachokosekana kiko mwanzoni kabisa, mahali ambapo hawezi tena kurudi kukiziba. Angeambiwa siku ya kwanza, angesoma stashahada kisha akaomba chuo kilekile.

Afrika Kusini wameliweka swali hili mlangoni. UNISA, chuo kikuu kinachofundisha kwa masafa tangu 1946, ni kimbilio la wanafunzi wengi wa nchi jirani. Anayeomba shahada ya kwanza kwa cheti cha sekondari cha nje ya nchi hiyo hutakiwa kupata cheti cha msamaha kutoka kwa umoja wa vyuo vikuu vya huko, kinachothibitisha kwamba elimu yake inalingana na kiwango chao. Ni usumbufu, ni gharama, na wengi hulalamika. Lakini mwenye upungufu anaujua mapema, akiwa bado na fedha zake mfukoni. Kanuni hiyo inalinda sheria ya Afrika Kusini, siyo ya kwetu. Sisi wa huku tunahitaji ya kwetu.

Nyenzo ya kuanzia tunayo. TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ambacho wengi wanakiita NOC, kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje. Anayepanda ndege husikia habari zake kwa sababu kuna safari, kuna viza, kuna watu wanaomuuliza makaratasi. Anayesoma nje akiwa sebuleni kwake hana uwanja wa ndege wa kupita wala ofisa wa kumsimamisha, kwa hiyo hafikirii kwamba karatasi hiyo inamhusu. Hapo ndipo ningependa TCU iongeze sauti: itamke wazi, kwa Kiswahili, redioni na kwenye simu, kwamba anayesoma chuo cha nje kwa masafa naye anaweza kuleta cheti chake na jina la programu anayoitaka, akapewa jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Nimesikia pingamizi mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba tume haiwezi kuzipima programu zote za dunia. Ni kweli vyuo ni vingi, na watumishi wa tume wana kazi tele. Lakini kazi hiyo tayari wanaifanya kila mhitimu anapoleta cheti chake. Faili ni lilelile, chuo ni kilekile, maswali ni yaleyale. Kinachobadilika ni tarehe. Tena programu ikipimwa mara moja mwanzoni, jibu hilo linaweza kumfaa mwombaji wa pili na wa kumi wa programu hiyo. Linalohitaji uangalifu ni kwamba chuo kinaweza kupoteza idhini katikati ya safari. Kwa hiyo jibu liandikwe tarehe, na aliyeanza masomo kwa kulitegemea alindwe.

Pingamizi ya pili inanigusa zaidi. Wapo wanaosema kila karatasi mpya ni ukuta mpya, na kwamba elimu ya masafa ilikuja kuwafungulia wale ambao mfumo wetu uliwafungia nje wakiwa na miaka kumi na saba kwa sababu ya mtihani mmoja. Wana haki ya kuogopa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969, kilijengwa juu ya msimamo kwamba mtu mzima asiulizwe alifeli nini akiwa mtoto, na kimewatoa watu wengi mbali. Kwa sababu hiyo napendekeza jibu la tume liwe la kushauri, lisiwe la kuzuia. Anayetaka kusoma falsafa kwa ajili ya nafsi yake asome. Anayetaka cheti cha kupandia daraja kazini aambiwe ukweli, tena aambiwe na njia: kwamba upo utaratibu wa TCU wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kina vituo mikoani ambako mtu anaweza kuingia na kuuliza.

Kwa wenye taaluma jibu la TCU pekee halitoshi. Mhandisi ana bodi yake ya usajili, mhasibu ana bodi ya NBAA, muuguzi ana baraza lake. Shahada inaweza kutambuliwa kama shahada, na bado isimpe mtu leseni, hasa pale ambapo mafunzo ya vitendo yanadai saa za wodini au karakana ambazo kompyuta haiwezi kumpa. Barua pepe moja kwa bodi, kabla ya kuomba, inaokoa mengi.

Kuhusu vyuo hewa sina haja ya kusema mengi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiuza vyeti vya vyuo visivyokuwepo kupitia tovuti zenye picha za majengo mazuri na wahadhiri wanaotabasamu. Dawa inajulikana: usitafute uthibitisho kwenye tovuti ya chuo chenyewe, utafute kwenye orodha ya mamlaka ya nchi husika. Na chombo cha ithibati nacho kikaguliwe, maana wauza vyeti hujitungia hata vyombo hivyo.

Tatizo kubwa zaidi, na lisilozungumzwa, ni la yule aliyedahiliwa na chuo halali kabisa kisha akaachwa peke yake. Isome barua ya udahili ya chuo cha masafa. Ina jina la programu, namba ya mwanafunzi, ada kwa dola au pauni, siku ya mwisho ya kulipa, na sentensi inayosema malipo ya awali hayarudishwi. Haisemi kwamba mjadala wa moja kwa moja uliopangwa saa mbili usiku kwa saa za New York utamkuta mwanafunzi wa Mbeya saa tisa za usiku, na kuanzia Novemba, wenzetu wakirudisha saa zao nyuma, utamkuta saa kumi alfajiri. Haisemi benki itakata kiasi gani kila anapotuma ada. Vyuo vinavyofanyisha mitihani kwenye vituo mara nyingi huacha ada ya kituo ilipwe pembeni, na mwanafunzi huigundua mwezi wa mitihani.

Kisha inakuja kazi ya kwanza ya kuandika. Sekondari zetu nyingi humzawadia mwanafunzi anayerudisha maelezo ya mwalimu neno kwa neno. Mwanafunzi huyohuyo anatuma insha yake ya kwanza kwa chuo cha nje, inapitishwa kwenye programu ya kukagua kunakili, inarudi imejaa rangi nyekundu pamoja na onyo la nidhamu. Anadhani ameitwa mwizi. Hakuna aliyemfundisha namna ya kunukuu, kutaja chanzo, kusema wazo la mtu mwingine kwa maneno yake na bado kumtaja mwenyewe. Saa mbili za mkufunzi mvumilivu zingetosha kumwonyesha. Badala yake anapewa kiungo cha mwongozo wa kurasa themanini kwa Kiingereza kigumu, na hapo wengine huacha masomo kimyakimya, wakiwaambia ndugu zao kwamba wamesimamisha kwa muda.

Historia yetu wenyewe inaonyesha kinachofanya kazi. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa mbali tangu 1858. Makerere ilipoingia katika uhusiano maalumu nacho mwaka 1949, vijana wa Afrika Mashariki walisomea shahada za London wakiwa Kampala. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kilianza chini ya London hiyohiyo. Shahada ilikuwa ya mbali, lakini mwalimu alikuwa karibu, maktaba ilikuwa karibu, na mwenzako wa kubishana naye alikuwa kitanda cha pili bwenini. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilifaulu kwa njia hiyohiyo. Hakikutegemea vipindi vya televisheni peke yake, bali kilimpangia kila mwanafunzi mkufunzi wa kusoma kazi zake na kumwandikia maoni.

Kwa hiyo chuo cha nje kinachotangaza nafasi kwa Watanzania au Wakenya kinapaswa kuwa na mkono huku. Si lazima kijenge. Kinaweza kuingia mkataba na chuo cha hapa kitoe mkufunzi wa uandishi, chumba chenye intaneti na kadi ya maktaba. Wanafunzi nao wasingoje. Wawili au watatu wa mji mmoja, hata wa vyuo tofauti, wakikutana kila Jumamosi na kusomeana kazi zao kwa sauti, wanajipatia sehemu kubwa ya kile ambacho barua ya udahili iliwanyima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na baraza la vyuo vikuu la jumuiya lina makao yake Kampala. Mkenya anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ana wasiwasi uleule wa Mtanzania anayesoma chuo cha nje, naye hupeleka cheti chake mamlaka za Nairobi akiwa ameshamaliza. Tume za nchi zetu zikianza kupeana majibu ziliyokwisha kuyatoa kuhusu programu za masafa, kazi inapungua kwa kila moja. Kuna muda wa kutosha: vyuo vingi hufungua maombi ya muhula wa Septemba miezi mingi kabla, na swali la kijana wa Tabora, kama cheti chake cha kidato cha nne kinamtosha kuingilia, linajibika kwa dakika chache na ofisa wa TCU aliyeko Dodoma mwenye kanuni mbele yake.