Chui, mondo au fungo? Kwa nini jina la mnyama lina uzito vijijini Kilimanjaro

Ukiishi Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema au Marangu, taarifa ya "chui kaonekana" si kitu kigeni. Mtu mmoja anaona kitu chenye madoa kikikatiza barabara usiku, anatuma sauti WhatsApp, na kabla ya asubuhi imeshafowadiwa kwenye kundi la kwaya, la vikoba na la wazazi wa shule.

Hofu hiyo ina msingi. Chui wapo kweli kwenye msitu wa Mlima Kilimanjaro, na wana historia ndefu huko. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alikuta mzoga wa chui uliokaushwa na baridi karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali hapo hadi leo panaitwa Leopard Point.

Lakini kwenye miteremko hiyo hiyo kuna wanyama wengine kadhaa wenye madoa au mistari: mondo, kanu, fungo na paka pori. Wengi wao hutembea usiku, na kwenye mwanga wa tochi ya simu wote wanaweza kuitwa chui.

Jina linaloshika ndilo linaloamua mengi. Linaamua nani aitwe, watoto waende shule vipi, mwenye mbuzi adai nini, na mnyama gani atauawa. Kukosea kunaumiza pande zote mbili. Ukimwita mondo chui, kijiji kinatoka na mapanga kumuua mla panya. Ukimwita chui "kipaka tu cha porini", mtoto anaendelea kwenda kuchota maji alfajiri peke yake.

Kwa nini wanafika hadi nyumbani

Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni kwamba wanyama "wamevamia". Ukiangalia ramani ya mlima, mambo ni tofauti kidogo.

Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliozunguka mlima uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA. Kwenye ukingo wa chini wa msitu huo kuna ukanda wa nusu maili, uliotengwa enzi za ukoloni mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mahitaji mengine ya msitu. Chini ya ukanda huo vihamba vinaanza mara moja, nyumba kwa nyumba.

Na kihamba chenyewe kinafanana na msitu. Juu kuna miti mikubwa, katikati migomba, chini kahawa, magimbi na majani ya ng'ombe. Kuna mifereji ya maji, kuna matunda yaliyoanguka, kuna panya, kuna kuku. Makorongo yenye mito yanashuka kutoka msituni yakipita kati ya vijiji, yakiwa na vichaka pande zote. Kwa mnyama wa usiku, korongo ni njia iliyofichwa hadi mlangoni kwa watu.

Kwa hiyo unakuta baadhi ya wanyama hawa hawajatoka msituni jana. Fungo na kanu wanaweza kuishi vihambani miaka yote bila mwenye shamba kujua. Hata Moshi mjini hali si tofauti sana. Msitu wa Rau, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, bado una mbega.

Nani ni nani

Chui ni mkubwa. Jike huzidi kilo 30 kwa kawaida, na dume anaweza kufika kilo 60. Madoa yake ya mgongoni na ubavuni yamejipanga kama maua, yaani vikundi vya weusi vinavyozunguka katikati yenye rangi ya dhahabu. Mkia ni mrefu na mnene, na miguu ni mifupi kulinganisha na mwili.

Mondo ndiye anayeponzwa zaidi na sura yake. Ana madoa meusi yaliyojaa, miguu mirefu, shingo ndefu, kichwa kidogo na masikio makubwa yaliyosimama. Mkia wake ni mfupi, hauzidi sana theluthi moja ya mwili. Uzito ni kati ya kilo 8 na 18. Chakula chake kikuu ni panya, ingawa kuku akikaa vibaya naye anaondoka. Hupenda nyasi ndefu na maeneo ya maji, ndiyo maana huonekana kwenye mashamba ya chini na kingo za mito.

Kanu ni mdogo na mwembamba, takriban kilo mbili. Mkia wake ni mrefu karibu sawa na mwili na una pete nyeusi na nyeupe. Anapanda miti na mapaa kwa urahisi. Banda la kuku likiwa na tundu ambalo kichwa cha paka kinapita, kanu naye anapita.

Fungo, ambaye wengine humwita ngawa, si jamii ya paka kabisa. Ana mwili mzito wa kijivu wenye mabaka meusi, nywele zinazosimama mgongoni akishtuka, na weusi machoni kama aliyevaa barakoa. Anatembea chini na kula karibu kila kitu: matunda, wadudu, vyura, mizoga, na kuku akimpata.

Paka pori, au kimburu, ndiye mgumu kuliko wote kwa sababu anafanana sana na paka wa nyumbani na huzaa naye. Miguu yake ni mirefu zaidi, mgongo wa sikio una wekundu, na mkia una pete na ncha nyeusi.

Wawili wengine hutajwa sana kwenye simu ila si rahisi kukutana nao vihambani. Simbamangu ana rangi moja ya kahawia-nyekundu na vishungi vyeusi masikioni, na hupenda maeneo makavu ya chini. Duma ni wa mbuga za wazi. Ana alama nyeusi kama machozi kutoka jichoni hadi mdomoni. Picha ya duma ikisambaa ikidaiwa kupigwa migombani, cha kwanza ni kuuliza imetoka wapi.

Ukiongeza na lugha ya mtaani, mkanganyiko unazidi. Kicheche halisi ni mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe, lakini sehemu nyingi nchini mwizi yeyote wa kuku huitwa kicheche, awe kanu, nguchiro au fungo.

Kisanduku cha kiberiti kinatosha

Macho usiku yanadanganya. Nyayo asubuhi ni shahidi mzuri zaidi, na kipimo kipo jikoni.

Unyayo wa chui una upana unaokaribia kiganja cha mtu mzima bila vidole, na kucha hazionekani kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea. Wa mondo ni wa umbo hilo hilo ila unakaribia urefu wa kisanduku cha kiberiti, nao hauna kucha. Wa fungo unalingana na wa mondo, lakini kucha zinaonekana. Wa kanu ni mdogo kama wa paka wa nyumbani.

Unyayo mkubwa wenye alama za kucha mara nyingi ni wa mbwa. Hili si jambo dogo, maana mbwa wanaozurura nao huua mbuzi, na lawama ikienda kwa chui, mwenye mbwa hana anayemuuliza.

Sauti nazo zinachanganya. Chui hatoi ukelele. Mlio wake ni wa kukwaruza, unaorudiarudia kama msumeno kwenye ubao. Ule ukelele mkali wa usiku kutoka mitini, unaopanda na kushuka hadi watu wanajifunika blanketi, mara nyingi ni wa perere, ndugu wa pimbi anayeishi juu ya miti na kula majani. Komba naye hulia usiku kama mtoto mchanga.

Kukosea si aibu ya Wachagga peke yao

Mei 2022, katika kijiji cha Kinyana kaunti ya Meru, Kenya, karibu na Hifadhi ya Mlima Kenya, mfanyakazi aliona kichwa cha simba kwenye uzio wa nyumba. Askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, waliitwa wakafika. Kumbe ulikuwa mfuko wa supermaketi wenye picha ya simba, na ndani yake miche ya parachichi.

Julai 2023 ilikuwa zamu ya Ujerumani. Video ya usiku kutoka Kleinmachnow, pembeni ya Berlin, ilidaiwa kuonyesha simba jike. Polisi wengi na helikopta walisaka kwa zaidi ya saa 24. Wataalamu walipoichunguza vizuri, wakasema ni nguruwe pori.

Watu walicheka, lakini kuna la kujifunza. Kote kuwili wananchi walitoa taarifa, wenye dhamana wakaenda kuangalia, na ukweli ukarudi kwa umma. Hakuna mnyama aliyeuawa na hakuna mtu aliyejeruhiwa. Anayetoa taarifa kwa nia njema hata akikosea bado kafanya kazi yake.

Gharama ya jina lisilo sahihi

Gharama kubwa zaidi ni sumu. Mtu aliyeibiwa kuku au mbuzi anaweka nyama yenye sumu korongoni akimlenga "chui". Sumu haichagui. Inaweza kuua mbwa wa jirani, mondo, fungo na ndege wala mizoga, na ikawa hatari kwa mtoto anayeokotaokota. Yule aliyekula kuku huenda hata hakugusa nyama hiyo.

Gharama ya pili ni ya kisheria. Wanyamapori nchini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Sheria inatambua kujilinda pale uhai unapokuwa hatarini, lakini kumsaka mnyama kwa hasira na kubaki na ngozi yake ni kesi.

Gharama ya tatu inamgusa mfugaji mfukoni. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Malipo hayo si fidia kamili, na yanahusu wanyama waliotajwa kuwa ni hatari. Chui anahusika, kanu hahusiki. Mfugaji aliyepoteza mbuzi kwa chui wa kweli anahitaji ushahidi. Nyayo zikikanyagwa na umati, au mzoga ukifukiwa kabla ya afisa kufika, dai linabaki maneno matupu.

Cha kufanya ukiona au ukipata hasara

Kwanza, usimfuate mnyama na usimzingire. Chui aliyezibiwa njia ya kutokea ndiye anayejeruhi watu. Ingizeni watoto ndani, fungeni mbwa, mwacheni aondoke.

Pili, pata picha kama unaweza ukiwa mbali. Asubuhi piga picha ya unyayo ukiwa umeweka kiberiti pembeni yake, kisha ufunike kwa beseni ili mvua isiufute. Andika saa na mahali. Kumbuka mkia: mrefu, mfupi, au wenye pete?

Tatu, toa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ambaye ataiwasilisha kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinaweza kwenda moja kwa moja kwa askari wa KINAPA. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, nayo inahusika na wanyama walio nje ya hifadhi za taifa.

Nne, imarisha banda. Banda lenye paa, wavu usio na matundu makubwa na mlango unaofungwa vizuri linazuia kanu, fungo na mondo kwa pamoja, hata kama hujui nani kati yao alikuja.

Tano, mnyama asiyeogopa watu mchana, anayeyumba au kuuma ovyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Elimu ipo mlima huo huo

Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kipo kwenye miteremko hii tangu mwaka 1963 na kimefundisha wahifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika. Makao makuu ya KINAPA yapo Marangu. Ni maeneo machache Tanzania yana wataalamu wa wanyamapori wanaoishi karibu hivi na wananchi wenye swali.

Hatua moja isiyo na gharama kubwa ni karatasi yenye picha za wanyama watano na nyayo zao kwa ukubwa halisi, majina kwa Kiswahili na kwa Kichagga cha eneo husika, ikabandikwa ofisi ya kijiji, shuleni na kanisani. Ya pili ni majibu. Afisa akipokea picha ya unyayo na kujibu siku hiyo hiyo, "huyu ni fungo, funga banda" au "huyu ni chui, tunakuja", jibu hilo nalo litafowadiwa kwenye makundi yale yale. Mwananchi asipojibiwa, anaamua mwenyewe, na silaha aliyonayo ni panga au sumu.