Sitiari Haikaririwi

Kosa ninalolikemea nililitenda mwenyewe miaka mingi darasani: kuwakaririsha wanafunzi fasili za tashibiha, sitiari na mandhari kabla hawajafungua kitabu.

Tazameni Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Mtoto akikutana na manyani wawili wanaopigwa mijeledi kila usiku, kisha akajua kuwa ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, atahitaji nani wa kumweleza kuwa husuda humvua mtu utu? Akiingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ataona mwenyewe kuwa mandhari si pambo la hadithi, bali ni hoja ya mtunzi. Hata jina Ughaibuni ni fumbo: nchi isiyo machoni, ili kila msomaji aitafute kwake.

Mtaniambia mtihani unadai fasili. Naam, unadai. Lakini fasili pasipo hadithi ni kaka la yai lisilo kiini: mwanafunzi hupata alama, asipate jicho. Na asiye na jicho hilo hatausoma ushairi wetu, seuze kuutunga.

Enyi washairi mnaolalamikia uhaba wa wasomaji, mpeni mtoto riwaya nzima kwanza. Fasili itamfuata.