Mgonjwa wa sonona naye aruhusiwe kufanyia kazi nyumbani

PWANI YA KUSINI
Na Somoe Mtepa

Januari 2025, Dar es Salaam ilipopokea marais wa Afrika kwa mkutano wa nishati, Serikali iliwaagiza watumishi wa umma jijini humo wafanyie kazi nyumbani tarehe 27 na 28 ili kupunguza foleni. Walioondolewa katika agizo hilo ni wale ambao kazi zao haziendi bila wao kuwapo. Hakuna aliyewaita wavivu.

Huku kwetu Kilwa, mtumishi mwenye sonona akiomba jambo hilo hilo, maneno yanaitangulia barua masijala. Kapandisha mashetani. Anakwepa kazi. Kilwa Masoko ni mji mdogo. Siri ya ofisini asubuhi, jioni iko gengeni. Basi wengi hunyamaza, wakaugua wakiwa wamekaa mezani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haikuishia kwenye fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu. Inautaja ulemavu kuwa ni kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mwaka mmoja kabla, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara yake ya 27 inataka mfanyakazi mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa kazini. Kumnyima, ilhali hayamwelemei mwajiri kupita kiasi, mkataba unakuita ubaguzi.

Wakubwa wengi hujibu: achukue likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika miezi 36. 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini sonona huja na kuondoka. Mtu anaweza kufunga hesabu vizuri kabisa, ila asiweze kuukabili umati wa kaunta. Kumlazimisha alale nyumbani bila kazi ni kumlia siku zake, kisha mshahara wake. Na kazi nyingi za mezani katika halmashauri zimeshahamia kwenye mifumo ya kidijitali: zabuni ziko NeST, majalada yako Ofisi Mtandao.

Kweli, muuguzi wa zamu na mpagazi wa bandarini hawawezi kubeba kazi kwenda nayo nyumbani. Hao wapunguziwe zamu za usiku au wapangiwe shughuli nyingine. Tena nyumba nayo inaweza kumtenga mgonjwa, ndiyo maana siku mbili tatu za ofisini kwa wiki zinafaa kuliko kutoonekana kabisa.

Ndugu yangu unayeumwa, omba kwa maandishi. Daktari aeleze unachoweza na usichoweza. Si lazima historia yako yote ijae kwenye cheti. Taja kazi utakazofanya, siku utakazofika ofisini na tarehe ya kuupitia upya mpango huo.

Nanyi wakurugenzi wa Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi, barua hiyo ikifika msiipitishe mikononi mwa watu kumi. Ijibuni kwa maandishi, na mkikataa toeni sababu. Serikali iliyoweza kumpisha mgeni kwa siku mbili haishindwi kumpisha mgonjwa wake.