Biashara ya saa 24 Kariakoo: Swala tano zimepangiwa zamu gani?

 

Ndugu zangu katika imani, mwezi Februari 2025, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani, Serikali ilizindua mpango wa kufanya biashara usiku na mchana katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Yamesemwa mengi kuhusu taa, ulinzi na usafiri, na yote ni ya msingi. Lakini familia za Kiislamu zinazopata riziki katika maduka ya mitaa ya Kongo, Msimbazi na Swahili zina swali lao la kujiuliza. Saa hizo 24 zinapogawanywa kwa zamu, swala tano zinawekwa wapi?

Kwanza tuondoe dhana potofu. Uislamu haukuharamisha biashara ya usiku. Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Surat an-Nabaa (78), aya ya 10 na 11, inautaja usiku kuwa ni sitara na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Ni kweli pia kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Hata hivyo, wanazuoni wamevua katika karaha hiyo mazungumzo yenye haja na manufaa. Kwa hiyo anayeuza vitenge saa nne za usiku hana dhambi kwa kuuza kwake.

Kilichowekewa mpaka ni swala. Surat an-Nisaa (4), aya ya 103, inabainisha kwamba swala ni faradhi yenye nyakati maalumu. Muuzaji wa usiku hana udhuru kwa Isha, kwani wakati wake ni mpana. Hatari iko kwenye Alfajiri. Aliyefunga duka saa tisa za usiku, akalala bila kujiwekea wa kumwamsha mpaka jua likachomoza, amepata faida ya usiku mzima na kupoteza rakaa mbili ambazo faida hiyo haiwezi kuzinunua.

Tuje kwenye swala ya Ijumaa. Zama za Mtume (S.A.W.) ilikuwapo adhana moja, imamu anapoketi juu ya mimbari. Watu walipokuwa wengi Madina, Khalifa Uthman bin Affan (R.A.) akaongeza adhana ya kutangulia, ikawa inatolewa az-Zawraa, mahali palipokuwa sokoni. Uthman mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Alijua kwamba mtu wa sokoni huhitaji muda wa kufunga hesabu, kutawadha na kutembea. Basi adhana ya kwanza tunayoisikia kutoka Msikiti wa Mtoro au wa Manyema asili yake ni huruma kwa wafanyabiashara. Tumeigeuza kuwa ishara kwamba bado kuna nafasi ya mteja mmoja zaidi!

Adhana ya pili ikitolewa, amri ya Surat al-Jumu'a (62), aya ya 9, ya kuacha biashara inamhusu kila aliyewajibikiwa na swala hiyo. Mteja msafiri kutoka Zambia au Kongo, ambaye Ijumaa si wajibu kwake, hamwondolei muuzaji wajibu wake. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kwamba naye huingia katika kosa kwa kumsaidia mwenzake. Aya ya 10 inaruhusu watu kutawanyika na kutafuta fadhila za Mola wao baada ya swala. Soko halikimbii.

Hapa tajiri mwenye duka ana amana nzito. Yeye hutoka kwenda msikitini na kurudi apendapo, lakini kijana aliyemwachia fremu hana uhuru huo. Asiwe miongoni mwa wanaosimama safu ya mbele huku mfanyakazi wao akikosa swala kwa amri yao. Zamu zipangwe kwa kutazama adhana, na mahali pa kuswalia patengwe, japo ni upana wa mkeka mmoja.

Mwisho ni nyumbani. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto wetu swala wafikapo miaka saba. Je, ni nani atakayemwamrisha mtoto ambaye baba yake yuko dukani wakati wa Isha na amelala wakati wa Alfajiri? Mama asiachiwe mzigo huu peke yake. Familia ikae na kukubaliana ni swala ipi, walau moja kwa siku, itakayowakusanya wote nyuma ya baba.

Uthman (R.A.) ndiye aliyepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayeswali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na akiswali na Alfajiri kwa jamaa ni kama aliyeswali usiku kucha. Hiyo ndiyo zamu ya usiku isiyo na hasara.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu abariki biashara zetu na azifanye kuwa msaada wa ibada zetu. Amin.