Mfupa Usiotambulika

Kila baada ya miaka michache hutokea mtu akatangaza kwamba ameona mabaki ya kiumbe asiye binadamu, na hoja yake kuu ni kwamba sehemu ya DNA ya mabaki hayo haikutambulika maabara. Septemba 2023 maiti mbili ndogo zilizokauka, zilizosemekana kutoka Peru, ziliwekwa mbele ya wabunge wa Mexico. Januari 2024 wataalamu wa Peru walieleza kwamba vitu viwili vya namna hiyo, vilivyonaswa mjini Lima, vilikuwa sanamu za mifupa iliyoungwa kwa gundi ya kisasa. Udanganyifu wa aina hii haunishughulishi sana. Linalostahili mjadala ni neno lenyewe: "haikutambulika".

Kuitambua DNA ni kuilinganisha. Maabara husoma vipande vifupi vya maandishi ya urithi, kisha huvitafutia mahali pake katika kielelezo chenye herufi zipatazo bilioni 3. Kielelezo kilichotumika duniani kwa miaka ishirini hivi kilitokana, kwa sehemu kubwa, na mtu mmoja wa Buffalo, Marekani. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza watu 910 wenye asili ya Afrika walitangaza kwamba, wote wakijumlishwa, wana herufi karibu milioni 296 ambazo hazimo humo. Nazo ni kama sehemu moja ya kumi ya kielelezo chote. Kielelezo kipana zaidi kilichotolewa mwaka 2023 kilianza na watu 47 tu. Basi mfupa wa bibi aliyezikwa Kibondo ukipimwa kwa kipimo cha Buffalo, yapo yatakayokosa mahali. Ongeza kwamba mfupa uliokaa katika udongo wenye joto na mvua huingiwa na bakteria na kuvu, hata mara nyingi DNA ya vijidudu ikaizidi ya mwenyewe.

Yamkini msomaji atasema: je, sayansi haipaswi kuwa tayari kupokea jambo jipya? Yapaswa. Lakini kiumbe asiye binadamu hajifichi katika asilimia chache zisizosomeka. Sokwe wa Gombe, jirani zetu wa karibu kuliko wanyama wote, wametofautiana nasi kwa herufi kama 1 katika kila 100 zinazolinganishwa, na bado mfupa wa sokwe hutambulikana bila shida.

Mfano wa kusikitisha ni ule wa Atacama, nchini Chile. Mwaka 2003 yaliokotwa huko La Noria mabaki yenye urefu wa sentimita 15 na jozi 10 za mbavu badala ya 12. Uchunguzi wa awali uliacha hadi asilimia 8 ya DNA bila kulinganishwa, na uvumi ukaenea. Mwaka 2018 ilithibitika kuwa ni mtoto wa kike, Mchile. Ile asilimia 8 ilitokana na kuharibika kwa sampuli. Wataalamu wengine wakaongeza kwamba mbavu za mwisho hazikuwa zimeota tu, kwa kuwa mimba ilikuwa changa. Wanasayansi wa Chile walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba mtoto wa mtu aliuzwa na kuoneshwa kama kioja.

Kwetu jambo hili si mchezo wa maneno. Kabanga, wilayani Kasulu, shule ya msingi iliwapokea watoto wenye ualbino walioyakimbia makwao, kwa sababu wapo walioamini kwamba zeruzeru si mtu bali mzuka, na kwamba kiungo chake ni dawa ya utajiri. Tofauti inayowafanya wengi wao nchini hivyo walivyo ni kukosekana kwa herufi kama 2,700 katika kinasaba kimoja cha kromosomu ya 15: hazifikii hata 1 katika milioni. Anayefundisha umma kwamba DNA isiyo ya kawaida ni dalili ya kutokuwa binadamu hajui ni nani watakaomsikiliza.

Tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, tena tunayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mfupa uliofukuliwa shambani Kasulu na upelekwe polisi, si kwa mganga wala kwa mpiga picha. Na katika taarifa yoyote ya maabara, mahali paandikwapo "haikutambulika", ielezwe papo hapo imelinganishwa na kielelezo kipi, na ni watu wa wapi waliomo ndani yake.